Mama Mkubwa na Kuku wa Mwindaji

Mama Mkubwa hali kuku. Hajala kuku tangu nilipomfahamu, na nimemfahamu tangu nilipoanza kufahamu watu, maana ni dada mkubwa wa mama yangu. Ukimuuliza sababu, atakwambia kwamba mtu aliyemhudumia kuku tangu yai hadi sahani hana hamu naye tena. Pamoja na hayo, katika Lindi yote hii, kuanzia Rasbura anakokaa hadi kule wanakojiona wako mjini zaidi, sijaonja kuku kama wake. Tukishakaa kula, yeye huvuta kibakuli chake cha kisamvu na kututazama midomo.

Chakula chenyewe ni cha Kiitaliano. Nalisema mapema kwa sababu wageni wakiambiwa baadaye hukasirika, wanaona wamelishwa Ulaya bila kuarifiwa. Mama Mkubwa alikuwa mpishi katika hoteli moja ndogo kule Kilwa Masoko, mali ya mzee wa Kiitaliano aliyekuja kuvua samaki wiki moja akasahau kurudi kwao. Kiswahili cha mzee yule kilikuwa cha kuazima, na Kiitaliano cha Mama Mkubwa hakikuwapo kabisa, kwa hiyo walifundishana kwa mikono na kwa kugombana. Siku ya kwanza alipomwonyesha chakula hiki alimwambia kinaitwa kuku wa mwindaji. Mama Mkubwa akataka kujua ni mwindaji gani huyo anayekula kuku. Mzee akaeleza kwa vitendo: mwindaji ameingia porini asubuhi, amerudi jioni mikono mitupu, mke amenuna, jogoo amechinjwa.

"Kwa hiyo ni mwindaji aliyekosa," akasema Mama Mkubwa.

Mzee akakubali. Tangu hapo Mama Mkubwa aliwaheshimu Waitaliano, kwa kuwa aliona nao wana wanaume wa namna ile ile.

Alipostaafu alirudi Rasbura na vitu viwili kutoka kwa mzee: mapishi hayo, na maneno *piano piano*, ambayo kwao ni polepole. Maneno hayo huyatumia kwa makaa, kwa wajukuu na kwa vijana wa bodaboda. Mmoja alimuuliza kama piano ndilo jina la mtaa anakokwenda. Akamwambia ndiyo, na tukifika salama nitashuka.

Mapishi yenyewe hayana siri. Jogoo wa kienyeji aliyekwisha kuwika vya kutosha hukatwa vipande, akapanguswa maji, akakaangwa kwa mafuta kidogo mpaka ngozi ibadilike rangi. Hutolewa. Vitunguu huingia katika mafuta yale yale, na hapa ndipo Mama Mkubwa huwa hataki kuongeleshwa, kwa sababu vitunguu, asemavyo, vina dakika yao moja ya kuiva, na inayofuata ni ya kuungua. Kisha karoti, vitunguu saumu, na nyanya alizozipondaponda kwa mkono. Jogoo anarudi, chungu kinafunikwa, makaa yanapunguzwa, watu wanaambiwa waende wakatafute cha kufanya. Mzee wa hoteli alikuwa na majani yake ya kutia, na Mama Mkubwa alikuja na mche wake ukafa palepale uani. Akatia mrehani, unaoota wenyewe kando ya ukuta. Zeituni nazo zilikuwa ghali na hazikumfurahisha mtu, kwa hiyo humega kipande cha ndimu ya achari kutoka duka la Mhindi mjini. Mhindi alipoambiwa kinakotumika alisema ni makosa, kisha akaomba aletewe kidogo aonje.

Ana vituko vyake. Anahubiri subira lakini foleni ya benki humtoa nje akilaani. Hakubali mtu aonje chungu chake kabla ya wakati, ila kwenye harusi za watu huingia jikoni bila kuitwa, akachota, akatingisha kichwa, akatoka. Binti yake aliye Dar es Salaam alimnunulia jiko la gesi. Limetandikwa kitambaa cha kufuma, juu pana chombo cha maua ya plastiki. Gesi haina adabu, anasema, inawaka yote au haiwaki. Ni Mkatoliki wa jumuiya na wa kwaya, lakini saa za sala za msikitini anazijua kuliko saa za misa, na hilo lina sababu yake.

Sababu ni mjomba. Mjomba ndiye mdogo wao wa mwisho, fundi cherehani hapa hapa Lindi, na alisilimu alipooa Kilwa Kivinje. Sisi asili yetu ni Wamakonde wa uwandani, watu wa kanisa, na babu alilichukua jambo lile vibaya. Alisema hatakula tena chakula cha nyumba ya mjomba. Mjomba naye akasema hatakula chakula cha nyumba ya babu, maana hajui kilichinjwa na nani. Kwa miaka mingi ukoo wetu ulikutana misibani tu, na hata huko vyungu vilikuwa viwili, kimoja upande huu na kingine upande ule, na sisi watoto katikati tukiwa na njaa kwa sababu kila upande ulidhani tumekula upande wa pili.

Babu alipofariki, Mama Mkubwa alikwenda dukani kwa mjomba akiwa na jogoo hai kwapani. Mteja alikuwa anapimwa suruali.

"Chinja," akasema.

Mjomba akamtazama jogoo, akamtazama dada yake. Akaweka futi chini, akatoka nje, akaelekea kibla, akachinja. Mama Mkubwa akampokea jogoo na kumwambia maneno ambayo sisi sote tunayajua kwa moyo:

"Kwenye chungu changu hutauliza. Siku utakayolazimika kuniuliza kuna nini humu, hiyo ndiyo siku nitaacha kupika."

Tangu hapo, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya sala ya alasiri, tunakula chungu kimoja uani kwake. Mjomba huja asubuhi kuchinja, na firigisi ni yake. Mkewe na watoto wao hula bila kunong'onezana. Mama yangu, anayeweza kugombana na kivuli chake, siku hiyo hutulia. Naweza kusema bila aibu kwamba ukoo wetu umeshikwa na kile chungu tu. Hatupendani kiasi cha kukutana bila chakula.

Kulikuwa na tatizo moja tu la kitaalamu. Kuku wa mwindaji hutiwa mvinyo. Hotelini alitiwa, na kwa Mama Mkubwa hilo lilikuwa jambo lisilowezekana. Alijaribu siki, tukakunja nyuso. Alijaribu ukwaju, ukafaa, na miezi mingi ya mwaka ndio anaoutumia. Lakini korosho zikianza kuanguka, hutia maji ya mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Mahali pengine watu hunyofoa korosho, bibo wakalitupa. Kwetu bibo hukamuliwa, na maji yake yana utamu wenye ukali unaokamata ulimi, na ndani ya chungu, asemavyo Mama Mkubwa, hata Mwitaliano angeinamisha kichwa.

Sasa, maji ya mabibo yana sheria ambayo kila mtu wa kusini anaijua. Leo ni juisi. Kesho ni uraka, na uraka ni pombe, tena pombe isiyo na mzaha. Kwa hiyo ya Mama Mkubwa hukamuliwa alfajiri kule Rutamba, kwenye mikorosho ya binamu yetu, ikaja kwa bodaboda ndani ya dumu, ikafika kabla ya adhuhuri. Hufungua kifuniko, akafumba macho, akanusa kwa muda mrefu. Ikiwa na shaka hata kidogo, humwagwa kwenye mpapai. Ikiwa safi, nusu huingia chunguni pamoja na nyanya, na kikombe kimoja hubakizwa kutiwa mwishoni, chungu kikishatoka motoni, ili ule ukali usife wote.

Mwaka jana, masika, Mama Mkubwa alipata mafua yaliyomlaza wiki nzima. Alipoinuka alianza kulalamika. Majani ya chai yamekuwa takataka. Vitunguu vya siku hizi havina harufu, vimelimwa kwa dawa. Hata sabuni haisafishi, imejaa povu tupu. Tulimwitikia tu. Wazee wote husema vya siku hizi havina ladha, kwa hiyo hatukusikia jipya lolote.

Kisha ikaja Jumapili moja ya msimu wa korosho. Nilifika nikatumwa kuchuma mrehani kando ya ukuta, na nikiwa huko nilimwona kijana wa bodaboda akishusha dumu. Mama Mkubwa akafungua, akafumba macho, akanusa kama kawaida yake.

"Ya leo hii," akasema. "Safi."

Kijana hakubisha. Baadaye nilikuja kusikia kwamba safari hiyo alipakia dumu tangu Jumamosi, tairi likampasukia, akalala njiani, na dumu likalala pamoja naye kwenye joto la Lindi, ambalo halihitaji maelezo. Wakati huo sikujua. Mama alinituma sokoni kutafuta mchele, na niliporudi watu walikuwa wamekwisha kuketi kwenye mkeka, mjomba ametoka msikitini na kofia yake, mkewe anawanawisha watoto. Mama Mkubwa alikuwa jikoni, chungu kimetoka motoni, anatia kile kikombe cha mwisho.

"Mdogo wangu, njoo ukibebe," akaita. "Mimi mgongo leo umekataa."

Nilimfuata mjomba jikoni nikachukue sahani. Mama Mkubwa alifunua chungu ili tuone, maana hupenda tuone. Mvuke ukapanda, na pamoja nao ikapanda harufu ambayo haikuhitaji kuulizwa jina. Ilikuwa uraka. Ilikuwa ya kukaa vilabuni, ya watu kuimba. Mama Mkubwa alikuwa ameinamia chungu, uso wake mzima ndani ya ule mvuke, akitabasamu.

"Mnasikia harufu hiyo?" akasema. "Mzee wa Kilwa angelia."

Mjomba kabla ya kusilimu aliijua uraka kuliko sisi sote. Nilimwona akimtazama dada yake, akalitazama lile tabasamu. Tulielewa kwa pamoja, palepale, kwamba Mama Mkubwa hasikii harufu yoyote. Si ya uraka, si ya chai, si ya sabuni. Pua yake ilikuwa imekwenda na yale mafua na haikurudi. Na pale uani walikuwa wamekaa mke wa mjomba na watoto wake, wanasubiri kula bila kuuliza.

Nilidhani atasema. Angesema, dada, hii ni pombe, nasi tungeelewa wote, na yeye angeelewa kuliko wote, na hapo chungu kingekwisha. Si cha siku hiyo tu. Namjua Mama Mkubwa, akiapa ameapa.

Mjomba alichukua vitambaa, akakishika chungu pande mbili kwa mikono ile inayokata suti za maharusi bila kupinda, akatoka nacho. Kwenye kizingiti alisimama. Alitazama chini kwanza, kulia na kushoto, kuhakikisha hakuna mtoto karibu. Kisha mkono ukamteleza.

Chungu kilipasuka vipande, mchuzi ukatapakaa uani na juu ya miguu ya suruali yake, na nyama yote ikalala mchangani. Kuku wa jirani walifika haraka wakamla mwenzao bila kuuliza kachinjwa na nani. Mmoja wao baadaye alishindwa kuruka ukuta, lakini hilo hatukulizungumza.

"Mkono umeteleza, dada," mjomba akasema. "Nisamehe."

Mama Mkubwa alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Kisha akaanza kusema, na hakumaliza siku hiyo. Tulikula wali na dagaa, na kati ya kila tonge alimkumbusha mjomba kwamba chungu kile kilitoka Kilwa, kilipanda basi, kilivuka mvua na mashimo, kikaja kuuawa na mtu mzima mwenye akili zake. Mjomba alipaka mafuta miguu iliyoungua na kusema ndiyo, dada. Mkewe aliona haya kwa niaba yake.

Kufikia Krismasi habari ilikuwa imefika jumuiya, sokoni na kwa Mhindi. Mama Mkubwa alimpa mjomba jina, Mwagavyungu, na watu wakaanza kulitumia hata kumwagizia nguo. Nilichukia. Nilimwambia mama yangu siku moja kwamba Mama Mkubwa amezidisha, hajui alichofanyiwa. Mama akasema, dada yangu hajawahi kujua kunyamaza, sasa aanze lini. Mjomba mwenyewe nilipomgusia aliniambia nishike yangu.

Mwaka huu mabibo yalipoanza, nilipita Rasbura mwanzoni mwa wiki, bila sababu ila kumwamkia. Nilimkuta uani anachambua kisamvu. Alikuwa amezeeka kidogo tangu mwezi uliotangulia, au labda nilikuwa simtazami vizuri.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unanizibia mwanga."

Nikakaa. Tukachambua wote. Baada ya muda akasema, bila kuinua uso:

"Siku ile ya chungu. Ulikuwepo jikoni."

"Nilikuwepo."

"Kilikuwa kinanuka sana?"

Nilifikiria uongo wa aina tatu, wote mbovu. "Sana," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Akanieleza. Katika dumu yalibaki maji kidogo, naye hapendi kutupa kitu, kwa hiyo jioni ile alimpa fundi mwashi wa nyumba ya pili, akidhani anampa juisi. Asubuhi fundi alibisha hodi, macho mekundu, amefurahi.

"Akaniambia, shikamoo mama, ile kitu ya jana iko vizuri sana, hukuitia maji kama wale wengine. Unauza?" Mama Mkubwa aliweka jani chini. "Nikamwambia siuzi. Nikafunga mlango. Nikakaa kitandani mpaka mchana."

"Kwa hiyo ulijua tangu kesho yake."

"Pua nilijua zamani. Ningekosaje kujua, pua si yangu? Nilifikiri mkono na macho vitatosha. Na kwa nyama vilitosha." Akaokota jani lingine. "Nilikuwa nimlishe mdogo wangu pombe, mwanangu. Na watoto wake. Kwa mkono wangu huu."

Nilimpenda sana dakika ile, kuliko nilivyojua kwamba nampenda.

"Nilisema siku atakayouliza nitaacha," akaendelea. "Hakuuliza. Alichagua kuungua miguu."

"Sasa mbona unamsema hivyo?" nikamuuliza. "Mji mzima unamwita Mwagavyungu. Mtu aliyekufanyia vile."

Alinitazama kama mtu anayesikitikia fedha za ada zilizotumika kunisomesha.

"Nikiacha kumsema, si atajua nimejua? Akijua nimejua, ataanza kunihurumia. Na akinihurumia, mimi nitaacha kupika. Ananificha, namsema. Ndivyo tunavyokwenda."

Niliendelea na kisamvu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mapema. Chungu kilikuwa kipya, dumu lilikuwa limefika, na mjomba alikuwa ameketi jikoni, kwenye kigoda, karibu na jiko kiasi cha magoti yake kupata moto. Mimi sikuwahi kumwona amekaa humo.

"Nimemweka hapa nimwone," Mama Mkubwa akaniambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mtu wa kuvunja vyungu haachwi akazunguka. Anakaa hapa mpaka chakula kiive. Ndiyo adhabu yake."

"Ndiyo adhabu yangu," mjomba akakubali.

Dumu lilikuwa miguuni pake. Mama Mkubwa alimwamuru alifungue, kwa kuwa kifuniko kimekaza, na angalau mikono yake ifanye kazi moja ya maana. Akafungua. Akakaa nalo kidogo karibu na uso.

"Kifuniko hakikukaza sana, dada," akasema. "Kiko sawa tu."

"Basi lete."

Akampa. Mama Mkubwa naye akafumba macho, akanusa kwa muda mrefu kama desturi yake, akasema safi. Mjomba alitazama pembeni. Jogoo alikaangwa, akatolewa, vitunguu vikaingia katika mafuta, na sote tukanyamaza kwa kuwa ndiyo sheria. Mama Mkubwa alikuwa amekaza macho chunguni, mwiko umesimama, anajaribu kuona kwa macho kile ambacho macho hayakioni, ile dakika moja ya vitunguu.

"Dada," mjomba akasema taratibu, "miguu inaniuma. Nisogee sasa, au ningoje?"

Mwiko ukageuza upesi, na karoti zikaingia.

"Nani kakuuliza?" akasema Mama Mkubwa. "Kaa hapo hapo."